Safari ya wanafunzi kwenda Nairobi: maswali yenu nayajibu leo

Jamani maswali yamenijaa kwenye simu tangu niseme klabu yetu ya ujasiriamali pale chuoni inajiandaa tena kwenda Nairobi. Kwa ambao hawajui, utaratibu wetu ni huu: vijana wetu wanaondoka Dar na basi, wanakaa wiki mbili kwa familia za wanafunzi wenzao wa Nairobi, mchana wanashinda na wafanyabiashara, afu baada ya miezi mitatu wale wenzao nao wanakuja kukaa kwetu. Mimi nimeshawasindikiza mara tatu na naipenda hii safari kuliko kazi yangu nyingine yoyote, kwa hiyo mkiona najibu kwa kirefu mnivumilie.

Swali: Mwanangu ananiambia wanaenda "kujifunza biashara" Nairobi. Dada yangu niambie ukweli, ni masomo au ni matembezi? Maana nauli natoa mimi. (Mama wa Morogoro)

Mama shikamoo. Ni masomo, ila hutaona daftari likijaa, na hapo ndo wazazi wengi wanapata wasiwasi.

Ngoja nikupe mfano. Kuna sehemu inaitwa Kamukunji, ndo pale mafundi wa jua kali wanapofua mabati. Jina lenyewe jua kali limetokana na hao hao, watu waliokuwa wanapiga kazi juani hawana hata paa la kujifunika. Ukifika, kelele za nyundo hazikuachi usikie hata simu yako ikiita. Tulimkuta baba mmoja amekaa kwenye kigoda, kipande cha chuma cha reli ndo meza yake ya kufulia, anatengeneza masanduku ya bati yale ya wanafunzi wa bweni. Kijana wetu mmoja akamuuliza mzee, mbona huuzi mwenyewe barabarani ukapata bei nzuri? Yule baba hata nyundo hakuiweka chini, akamwambia mimi nikienda kuuza nani atakunja bati? Akamuonyesha jirani yake anayekata tu, na mwingine anayetia bawaba tu, na mama wa mbele anayeuza tu, yani sanduku moja limepita mikono ya watu wanne na kila mmoja anajua senti yake iko wapi. Kijana wetu alikuwa na wazo la kutengeneza sabuni, kupaki, kusambaza na kuuza yeye peke yake. Usiku ule alikaa na karatasi akaanza kuandika majina ya wenzake, huyu wa kupaki, huyu wa kuzungusha. Hakuna mwalimu aliyemwambia afanye hivyo.

Na matatu, zile daladala za kule, nazo ni darasa. Sisi nauli ya daladala inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, mvua inyeshe isinyeshe ni ile ile. Nairobi mvua ikidondoka tu au ikifika saa ya watu kutoka kazini, nauli inapanda hapo hapo mlangoni. Wanafunzi walibishana wiki nzima kama huo ni uonevu au ni biashara. Mimi nadhani ni uonevu, lakini mabishano yale yalinifurahisha mnoo maana kila mmoja alileta hoja za kwao.

Swali: Nina kitambulisho cha NIDA, kinatosha kuvuka mpaka pale Namanga?

Hapana mdogo wangu. Kenya, Uganda na Rwanda ndo walikubaliana tangu 2014 raia wao wapite kwa kitambulisho, sisi hatumo kwenye makubaliano hayo. Tafuta pasipoti, ikishindikana omba hati ya dharura ya kusafiria pale uhamiaji, na usisubiri wiki ya mwisho. Kadi ya homa ya manjano pia iwe mkononi, wengi wanaisahau afu wakati wa kurudi ndo wanahangaika. Pale mpakani siku hizi mambo ni rahisi, kituo ni cha pamoja tangu 2018, unamalizana na nchi zote mbili ndani ya jengo moja, jengo la kule unakoingia.

Swali: Natengeneza batiki na nina viungo vya kutoka Zanzibar. Naweza kubeba mzigo nikauze huko nirudishe nauli? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hamu yako naielewa lakini mzigo hapana. Pasi utakayogongewa ni ya mgeni wa kutembea, sio ya kufanya biashara. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki zina utaratibu wake mwepesi pale mpakani kama thamani haizidi dola 2,000, unapewa cheti rahisi cha uasilia, na huo utaratibu nataka ujifunze kabisaa maana ndo utakaokusaidia mbele ya safari. Safari hii beba sampuli, batiki tatu nne za kuonyesha, andika mtu gani kaishika na kaiulizia nini. Viungo vinaweza kukuletea maswali ya afya ya mimea, bora uviache. Na usifunge vitu kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, Kenya wameipiga marufuku tangu 2017 na sisi wenyewe tangu 2019.

Swali: Nitakaa kwa familia nisiyoijua. Naogopa kuonekana mshamba, na Kiswahili chao sikielewi. (Binti, Tanga)

Hili ndo swali ninalolipenda. Mdogo wangu, wewe wa Tanga unaogopa Kiswahili? Utakielewa, ila siku tatu za kwanza utachoka kichwa.

Mwaka juzi tulikuwa Gikomba, soko la mitumba, lile ambalo limeshaungua moto mara nyingi na kila likiungua watu wanasimamisha vibanda wanaendelea. Muuzaji anaita "mbao mbao mbao!" na amesimama juu ya rundo la soksi. Binti mmoja wa kwetu kaangalia huku na huku anatafuta mbao ziko wapi, za kupaua au za kitanda. Kumbe mbao ni shilingi 20. Soo ni 100, thao ni 1,000. Akasikia na "kamera" akadhani wanauza kamera, kumbe ni ile nguo ya kwanza kuchaguliwa belo likifunguliwa, ile safi kabisa. Yule binti akaanza kuandika kila neno nyuma ya daftari, na siku ya nne akawa anapanga bei mwenyewe, na wauzaji wanamuita "wa Bongo" wanampunguzia.

Nyumbani sasa. Ukiamka umwambie mama mwenyeji shikamoo, wengi Nairobi hawaitumii kila siku, wengine watashtuka wajione wamezeeka ghafla. Usiiache. Mweleze tu kwamba kwetu ndo heshima, uone atakavyotabasamu. Na wewe usiumie mtoto wa nyumba akisema "nipe chumvi" bila naomba, hana dharau yoyote, ndo lugha yao ilivyo, na "naomba" yetu wao wakiisikia sana wanaona kama mtu anajinyenyekeza kupita kiasi. Ukiitiwa chai jua ni ya maziwa, imechemshwa pamoja na majani, ukitaka ya rangi sema turungi. Ingia jikoni. Sijaona familia iliyomsahau mgeni aliyeosha vyombo.

Afu muulize mama kama yuko kwenye chama. Sio chama cha siasa, ni kile sisi tunaita mchezo au kikoba. Binti mmoja alipelekwa na mama mwenyeji wake kwenye kikao cha Jumapili, akina mama kumi na mbili sebuleni, daftari moja, sahani ya mandazi, na mmoja alikuwa amechelewesha mchango miezi miwili kwa sababu ya ugonjwa. Walimjadili akiwepo, kwa upole, wakampangia kulipa kidogo kidogo, wakamuombea dua na mkutano ukaendelea. Yule binti aliniambia hajawahi kuona deni linazungumzwa bila mtu kudhalilishwa. Mimi mwenyewe nilinyamaza, sikuwa na la kuongeza.

Swali: Pesa nibadilishe wapi?

Benki au duka la kubadilishia lenye risiti. Wale wanaokufuata na vibunda mkononi pale mpakani waache wapite, kijana wetu mmoja alihesabiwa noti haraka haraka na kwenye basi akakuta zimepungua. Kule hata mama wa sukuma wiki ana namba ya kulipia, M-Pesa wameanza nayo 2007, sisi tukafuata 2008, kwa hiyo ukipata laini ya kule (wanasajili kwa pasipoti) huna haja ya kutembea na noti nyingi.

Swali: Mimi ni wa Nairobi. Mgeni wangu kutoka Tanzania alikaa kwetu two weeks, kila kitu alisema "haina shida". Akienda ndio niliskia hakuwa anakula githeri. Mbona hakusema?

Pole ndugu yangu, na asante kwa kumpokea. (Githeri ndo makande yetu.) Kwetu kumwambia mwenyeji chakula chako sikipendi ni kama kumtukana, kwa hiyo "haina shida" inaweza kumaanisha ina shida ila nakuheshimu. Usimuulize mezani mbele ya watu. Muulize mkiwa wawili mnatembea, na umpe mawili achague, leo tupike wali au chapati? Hapo atasema. Na mimi upande wangu nimeshaanza kuwafundisha vijana wetu kusema mapema, maana anayeficha githeri leo ndo atakayeficha hasara kwa mbia wake kesho.

Swali: Wenzetu wakija Dar tuwapeleke wapi? Kamati inataka siku mbili za ufukweni. (Mwanafunzi, Dar)

Nusu siku inatosha, bahari haihami. Wapelekeni Feri mapema, mnada wa samaki ukiwa umechangamka, wasimame karibu na mnadishaji wasikie bei inavyopanda. Kariakoo waende na mtu anayenunua mzigo wa jumla kweli, sio wa kuwazungusha tu. Mwenge kwa wachonga vinyago, wakae na fundi mmoja tangu gogo mpaka msasa. Na kila mmoja ashinde siku moja na mama ntilie, kuanzia saa kumi alfajiri kuwasha jiko mpaka kuhesabu chenji jioni. Mama wawili nimeshaongea nao, wamekubali, ila wanataka vijana waje na aproni zao na wasivae viatu vya wazi. Waliobaki watafuteni nyie wenyewe mtaani kwenu, na mniletee majina kabla ya Ijumaa.