Jibu: Kuogopa mkopo si lazima kuwe kukosa imani
Bwana asifiwe, dada. Umeuliza kama hofu yako ya kukopa kwenye chama, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ili uanze kuuza omena (dagaa wa Ziwa Victoria) sokoni Kibuye, Kisumu, ni upungufu wa imani, au ni Mungu anayekuzuia.

Kwanza ikague hofu yenyewe: je, inataja jambo linalopimika, kama vile miezi ya Aprili hadi Julai ambapo uvuvi wa omena hufungwa, au ni woga wa kuchekwa tu? Mtumwa wa Mathayo 25 aliyeifukia talanta hakupima chochote. Nehemia, kinyume chake, alitoka usiku kuukagua ukuta uliobomoka kabla ya kuwaambia watu wajenge, na maadui walipotisha, aliomba na pia akaweka walinzi. Hayo mawili aliyafanya pamoja.

Mimi hufuata hesabu ya Luka 14, ya mtu anayepiga gharama kabla ya kujenga mnara: naandika kiasi ninachoweza kupoteza bila watoto kukosa karo wala wadhamini wangu kukatwa akiba zao, kisha naomba nikiwa na karatasi hiyo mkononi. Ningekushauri uanze na debe moja kwa fedha zako, uzijue siku mbaya za soko, ndipo ukope, na marejesho yasiangukie miezi ya kufungwa.