Bwawa moja, ripoti tatu: nani amekosea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina ripoti tatu za bwawa moja. Ya kwanza inasema linabeba kilomita za ujazo 0.4, ya pili hektomita za ujazo 400, ya tatu gigalita 400. Nilipozidisha 0.4 kwa 1,000 nikapata mita za ujazo 400. Ipi niiamini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ziamini zote tatu, maji ni yaleyale. Kilichokupoteza ni hiyo 1,000. Mita za ujazo 400 zinatosha bwawa la kuogelea la urefu wa mita 20, upana 10 na kina 2. Ukipata jibu la namna hiyo kwa bwawa linaloonekana kwenye ramani, usiendelee mbele; rudi mwanzo.

Chora mchemraba wenye kilomita moja kila upande. Urefu ni mita 1,000, upana vilevile, kimo vilevile. Kwa hiyo unazidisha 1,000 × 1,000 × 1,000, unapata mita za ujazo bilioni moja. Lita haiendi hivyo, kwa sababu yenyewe tayari ni ujazo: kilolita ni lita 1,000 tu, sawa na mita moja ya ujazo. Hapa huteleza hata wenye vyeti vyao, ndiyo maana darasani sichoki kulirudia.

Ukishalishika hilo, mengine ni mepesi. Megalita ni mita za ujazo 1,000, gigalita ni milioni moja, teralita ni bilioni, yaani kilomita moja ya ujazo. Hektomita ni mita 100, na mchemraba wake una mita za ujazo 1,000,000, kiasi kilekile cha gigalita. Hispania wamezoea hektomita za ujazo, Australia gigalita. Mimi ningependa kila ripoti iandike “mita za ujazo milioni 400”, msomaji azione sifuri zake bila kutafuta jedwali.

Kisha hakiki kwa njia nyingine. Milimita moja ya mvua juu ya kilomita moja ya mraba ni megalita moja kamili. Milimita 400 zikinyesha kwenye kilomita za mraba 1,000 zinatoa megalita 400,000, yaani gigalita 400: bwawa lako zima, kama hakuna tone litakalozama ardhini wala kupaa na jua.

Tahadhari moja, kama utachimbua kumbukumbu za zamani. Kuanzia 1901 hadi 1964 lita ilikuwa ujazo wa kilo moja ya maji, na ilizidi desimita moja ya ujazo (mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ambao ndio lita ya leo) kwa sehemu 28 katika milioni. Kwenye chupa huioni tofauti hiyo. Kwenye gigalita 400 inafika mita za ujazo 11,200, kwa hiyo angalia kwanza mwaka wa kipimo.