Je, kumlalamikia Mwenyezi Mungu ni kukosa imani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina miezi 8 sina kazi. Usiku nikisali namlalamikia Mwenyezi Mungu mpaka nalia. Kaka yangu anasema huko ni kukufuru neema. Kutafuta kazi nimeacha, maana riziki yangu haili mwingine. Nyumba anaiendesha mke wangu. Je, nimekosea?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Umekosea, ila si pale anapopaona kaka yako.

Nabii Yaaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, akasema: “Hakika mimi namshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko langu na huzuni yangu” (Yusuf 12:86). Na ndiye huyo huyo aliyesema subira ni njema. Kushitaki kwa Mwenyezi Mungu ni dua. Kumshitaki Yeye kwa watu ndiko kubaya. (Kama kaka yako anayajua malalamiko yako ya usiku, huenda mchana nako unayatoa. Jichunguze.)

Kosa lako ni kuacha kutafuta. Matumizi ya nyumba ni wajibu wako. Anachotoa mkeo ni hisani, mshukuru na umtake radhi. Ni kweli kila kiumbe riziki yake iko kwa Mwenyezi Mungu (Hud 11:6). Lakini Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Umar aliyoipokea Tirmidhi, alitupigia mfano wa ndege: hutoka asubuhi na njaa, hurudi jioni ameshiba. Hutoka, ndugu yangu.

Msome Nabii Musa katika Suratul Qasas. Amekimbia Misri, amefika Madyan hana pa kulala. Kisimani wachungaji wamejazana, na pembeni wanawake wawili wanawazuia wanyama wao, baba yao ni mzee sana. Hakuwaambia “nami nina shida zangu.” Aliwanyweshea. Kisha akaenda kivulini, na hapo ndipo aliposhitaki: “Mola wangu! Hakika mimi ni mhitaji wa kheri utakayoniteremshia” (28:24).

Aya inayofuata, mmoja wao anakuja akitembea kwa haya: baba anakuita. Huko Musa alipata mke, na pamoja naye kazi ya miaka 8, akipenda atimize 10.

Wallahu aalam.