Chipsi zege na kunyanyua vyuma: jibu kwa mwenye kilo 60 anayetaka kujaza mwili

Mkuu, umeeleza kwamba una kilo 60, unatoka kazini Kariakoo jioni na kupitiliza hadi kwenye vyuma siku nne kwa wiki, unafika kwako usiku, na kwa kuwa chumba ulichopanga hakina nafasi ya kupikia, mlo wako mkubwa ni chipsi zege, yaani chipsi zilizokaangwa pamoja na mayai, na soda. Swali lako ni kama ukiongeza sahani ya pili utapata misuli au utapata kitambi, na umemalizia kwa kuuliza kuhusu vidonge vya kunenepesha ambavyo mwenzako amekushauri. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: wengine wanasema kula chochote mradi unyanyue, wengine wanasema chipsi ni sumu na uziache leo hii. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, na nitaeleza sababu zangu kwa kirefu kwa kuwa jambo hili nimeliishi.

Mimi nimefanya kazi ya zamu tangu ujana wangu, na vyuma nilianza kunyanyua nyuma ya nyumba ya watu huko Temeke, mahali ambapo chuma chenyewe kilikuwa bomba lenye makopo ya zege kila upande. Sikuwa na mtu wa kunipikia, hivyo sehemu kubwa ya mwili nilionao imejengwa kwa chakula cha vibandani. Siwezi basi kukwambia kwamba haiwezekani. Ninachoweza kukwambia ni kwamba kibandani kuna vyakula vya aina mbili vinavyouzwa juu ya meza moja, na anayetaka misuli asipovitofautisha atalipia kingi cha aina asiyoihitaji.

Misuli huhitaji mambo mawili kutoka kwenye chakula. La kwanza ni nishati ya ziada, yaani kalori kidogo zaidi ya zile mwili unazotumia kwa siku, na la pili ni protini. Nishati kibandani haijawahi kuwa shida. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, na kiazi kikiingia kwenye karai hutoka kimepoteza maji na kunywa mafuta: gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90, lakini gramu 100 za chipsi zina takriban 300. Protini ndiyo adimu. Utafiti uliokusanya majaribio 49 ya watu wanaonyanyua vyuma, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba faida ya kuongeza protini huelekea kukoma kwenye gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwako wewe hiyo ni karibu gramu 96.

Sasa tupige hesabu ya sahani yako. Chipsi za kawaida pamoja na mayai mawili zina protini ya gramu 20 hivi, kwa sababu yai moja lina gramu 6 na viazi vyote vile vinachangia gramu saba au nane, na sahani hiyo hiyo ina kalori zisizopungua 900. Ukitaka kuzifikia gramu 96 kwa chipsi zege peke yake, itakubidi ule sahani tano, nazo zitakupa kalori zinazozidi 4,500, ilhali kijana wa uzito wako anayefanya mazoezi kwa kawaida hahitaji hata 3,000. Ziada yote hiyo mwili utaiweka mahali, na mahali penyewe unapafahamu, kwani ndipo mkanda wa suruali unapopita.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lako ni kwamba sahani ya pili itaongeza uzito kwa hakika, ila sehemu kubwa ya uzito huo haitakuwa misuli. Wengi hawaamini hili kwa sababu mizani inapanda na shati linabana. Kuna jaribio lililofanywa Norwei na kuchapishwa mwaka 2013, ambalo wanamichezo wa kiwango cha juu waligawanywa makundi mawili wakati wakinyanyua vyuma. Kundi moja lilielekezwa kula kalori za ziada, na jingine lilikula kwa kadiri ya hamu yake. Waliokula zaidi waliongeza misuli kidogo tu kuliko wenzao, lakini mafuta yao ya mwilini yaliongezeka kwa asilimia 15 wakati wenzao yaliongezeka kwa asilimia 3. Mwili una kasi yake ya kujenga misuli na hauharakishwi kwa kushindiliwa. Kwa kilo zako 60, kupanda gramu 150 hadi 300 kwa wiki kunatosha, na kalori 300 mpaka 500 za ziada kwa siku zinaweza kufanya kazi hiyo.

Aliyekutolea mfano wa Usain Bolt, mkimbiaji wa Jamaika, kwamba alishinda mbio huku akila chakula cha haraka, amesema kweli nusu. Bolt mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 alikuwa akila kutwa vipande vya kuku vya McDonald's, kwa kuwa alikuwa hakiamini chakula kigeni. Lakini tazama alichokuwa akikila: kuku. Isitoshe, mwili ule alikwenda nao Beijing ukiwa umekwisha kujengwa kwa miaka mingi kule Jamaika. Vilevile kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Montana, Marekani, wa mwaka 2015, ambao watu huupenda sana kwenye mijadala kama huu. Wanaume 11 waliendesha baiskeli kwa dakika 90, kisha wakala ama baga, chipsi na vyakula vya namna hiyo, ama vyakula maalumu vya wanamichezo, na nishati iliyohifadhiwa ndani ya misuli yao ikarudi sawasawa kwa njia zote mbili. Ni matokeo ya kweli na mimi huyategemea ninapokula chipsi baada ya kazi nzito ya miguu. Hata hivyo, yanahusu kurudisha nishati baada ya jasho la siku moja, wala hayasemi lolote kuhusu kukuza kifua.

Unapofika kibandani, basi, anza kuagiza kutoka upande wa protini, na viazi viwe vya kusindikiza. Mwambie muuzaji akupigie mayai manne kwa viazi nusu. Mwanzoni atakushangaa, akizoea atakuwa anakuanzia ukiwa bado upo ng'ambo ya barabara. Hapo umepata karibu gramu 30 za protini kwa kalori zisizozidi sana zile za awali. Kuku robo, upande wa paja, hukupa gramu 30 hivi, na ukitoa ngozi unapunguza mafuta mengi bila kupoteza nyama. Mishkaki ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inachomwa badala ya kuzamishwa kwenye mafuta: minne au mitano yenye nyama ya kutosha hufikia gramu 100 za nyama iliyoiva, ambazo zina protini ya gramu 25 hivi, ingawa ni lazima uwe macho kwa wauzaji wanaoweka kipande cha nyama, kipande cha mafuta, kipande cha nyama, kipande cha mafuta. Firigisi nazo ni nyama tupu na mara nyingi ni nafuu kuliko paja. Soseji ninaziacha, fedha ile ile hununua mayai yenye faida zaidi.

Soda iondoe. Nusu lita ina sukari inayozidi gramu 50, kalori 200 na zaidi, bila hata chembe ya protini. Nusu lita ya maziwa au mtindi ina kalori 300 hivi na protini ya gramu 16, na kwa mtu asiye na jiko hakuna chakula kirahisi kuliko hicho, kwa sababu unakinywa ukiwa umesimama. Karanga za kukaanga za kwenye vifuko pia zisidharauliwe: robo ya uzito wake ni protini, na zinakaa mfukoni mchana kutwa.

Nitasema pia jambo ambalo waliokushauri chipsi hawajaligusa, nalo ni mama ntilie. Watu huona kwamba chakula cha haraka ni chipsi tu, lakini sahani ya ugali, maharage na dagaa inapakuliwa kwa dakika moja, wakati chipsi zenyewe unasubiri ziive. Chukua ugali uliotokana na gramu 150 za unga, kikombe cha maharage yaliyoiva na gramu 30 za dagaa wakavu. Utakuwa na takriban kalori 1,000 na protini isiyopungua gramu 40. Linganisha na chipsi zege: kalori zinakaribiana, protini ni maradufu. Asubuhi, supu ya ng'ombe na chapati mbili ni mwanzo mzuri kuliko chai na maandazi, mradi bakuli liwe na nyama. Nimewaona vijana wengi pale Temeke wakijaza mwili kwa ugali wa mchana wa mama ntilie na chipsi mayai za usiku wakati mmoja, na kati yao waliobaki na kiuno ni wale ambao mchana hawakuuruka.

Mafuta ya karai yanahitaji maneno zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo vijana 39 walilishwa keki ndogo kwa wiki saba ili wanenepe makusudi. Kundi moja keki zake zilitengenezwa kwa mafuta ya mawese, na jingine kwa mafuta ya alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka takriban kilo 1.6, lakini waliokula mawese walijaza mafuta zaidi ndani ya tumbo na kwenye ini, na waliokula alizeti waliongeza karibu mara tatu zaidi ya wenzao sehemu ya mwili isiyo mafuta. Hao hawakunyanyua vyuma, kwa hiyo usiyachukue kama sheria, lakini sisi ambao vibanda vyetu vingi hukaangia mafuta yatokanayo na mawese tuna sababu ya kuyafikiria. Suluhisho silo kumtaka muuzaji aweke alizeti ya Singida kwenye karai, kwa sababu alizeti ikichemka tena na tena huharibika upesi kuliko mawese. Afadhali alizeti uipate kwenye chakula cha kupikwa mara moja, na karai ulipunguze. Na lolote liwalo, tazama mafuta kabla ya kuagiza: yakiwa meusi, yakitoa povu lisilotulia na moshi mzito, pita kibanda cha mbele. Kachumbari iliyoshinda wazi tangu mchana nayo iruke, kwa sababu kuhara siku tatu hukurudisha nyuma kuliko chipsi zote utakazokula mwezi huu.

Kuhusu wakati wa kula, usile chipsi kabla ya kuchuchumaa na chuma mabegani. Mafuta hukawia tumboni, na ukikaza pumzi chini ya uzito yatakurudia kooni. Kula kitu chepesi saa mbili kabla, ndizi na mtindi kwa mfano, na mlo mkubwa uuweke usiku. Huna haja ya kukimbilia kibandani dakika ile ile unapoweka chuma chini. Jumla ya protini ya siku nzima ndiyo yenye uzito. Chumvi pia ipunguze, kwani kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, na mtu anayekula kibandani mara mbili hukivuka bila kujua; pima presha mara kwa mara, hasa kama nyumbani kwenu kuna wenye tatizo hilo.

Ili ujue unakwenda sawa, nunua futi ya fundi cherehani ujipime kiuno kwenye kitovu kila wiki, asubuhi kabla ya kula, na uandike pia uzito unaonyanyua. Uzito wa mwili ukipanda polepole, kiuno kikatulia, na chuma kikaongezeka, usibadili kitu. Kiuno kikipanda huku chuma kimesimama pale pale, punguza viazi wala usiguse mayai. Na kama chuma hakiongezeki kabisa, hakuna sahani itakayokusaidia, kwa sababu misuli hukua pale tu inapodaiwa kazi kubwa kuliko iliyozoea.

Nimalizie na vile vidonge. Vingi vinavyouzwa kwa jina la kunenepesha huwa na deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, wakati mwingine pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayoamsha hamu ya kula. Deksamethasoni inanenepesha kweli kwa macho: uso unajaa, mashavu yanavimba, tumbo linatoka. Lakini dawa hiyo huvunja protini ya misuli, hasa ya mapaja na mabega, kwa hiyo unakuwa unalipia kubomolewa kile unachokijenga jioni nne kwa wiki, mbali na kupandisha sukari na presha. Usivianze. Na kama umekwisha kuvitumia kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari umweleze ulichomeza, kwa sababu tezi za juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ambayo dawa hiyo iliichukulia nafasi, na kuzirudisha kazini kunahitaji kupunguziwa dozi kidogo kidogo.