Baruti ya chupa ya maji: jibu kwa mzee wa Mafinga

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimestaafu, naishi Mafinga, na nina bastola yenye leseni, ile ya silinda inayozunguka (rivolva), inayotumia risasi za .38 Special. Kijana wangu yuko Afrika Kusini, amejiunga na klabu ya shabaha, na huko wanajaza risasi zao wenyewe, yaani maganda matupu wanayatia baruti na kichwa kipya. Anatafuta baruti ya kuanzia kwa risasi za shabaha na wenzake wanabishana, kila mmoja na yake. Nami nimetamani kujaribu, maana risasi za dukani bei imepanda. Fundi mmoja wa magobore kaniambia baruti ni baruti, nitumie iliyotolewa kwenye risasi za shotigani ila nipunguze kidogo kwa kuwa ni kali. Amenipa chupa ya maji iliyojaa nusu. Unashauri nini?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nianze na chupa. Usiitumie, usiimwage kwenye choo wala kwenye shimo la taka, na usijaribu kuichoma uone inavyowaka. Iweke mbali na jiko, sigara na wajukuu, kisha uende kituo cha polisi ukawaeleze mwenyewe unacho nini na umekipataje, waje waichukue. Usiipakie kwenye bodaboda wala daladala kuwapelekea.

Jambo la pili ni fupi. Leseni yako inakuruhusu kumiliki bastola na kununua risasi kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Haikuruhusu kutengeneza risasi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali cha pekee kwa kazi hiyo, na baruti yenyewe ina sheria yake tangu 1963. Kijana yuko kwenye nchi ambayo mwenye leseni anaruhusiwa kujaza kwa masharti yao. Kwa hiyo sehemu ya kujaza nitakayoeleza ni ya kwake, si yako.

Sasa nije kwenye hilo la "baruti ni baruti". Nimelisikia Mbeya, nimelisikia Njombe, na linanichosha kuliko kitu chochote katika kazi hii. Watu wanaamini baruti zote ni kitu kimoja kilichotofautiana ukali, na kwamba ukali unatibiwa kwa kupunguza kijiko. Sivyo. Kinachotofautisha baruti ni kasi ya kuungua, na kasi hiyo haisomeki kwa macho, kwa harufu wala kwa kuonja ulimini, ingawa nimewaona wanaoonja.

Baruti nyeusi ya zamani ni shura, mkaa na salfa. Huungua kwa mwendo usiobadilika sana hata ukiibana, na karibu nusu ya uzito wake hubaki kama moshi na masizi. Baruti isiyo na moshi ni kitu kingine kabisa. Mfaransa Paul Vieille aliibuni mwaka 1884 kwa nitroselulosi, na aina nyingine huongezewa nitrogliserini. Hiyo, presha ikipanda ndani ya mtutu, nayo huongeza kasi ya kuungua, na kasi ikiongezeka presha hupanda tena. Kiwandani wanaituliza kwa kuchagua umbo la punje, bapa, duara au kijiti, na kwa kuzipaka dawa ya kuchelewesha moto. Ukinimwagia aina mbili kwenye karatasi nyeupe, zote punje bapa za kijivu, sitaweza kukuambia ipi ni ipi. Hakuna fundi atakayeweza, na anayesema anaweza anakudanganya.

Uongo wa fundi wako unashika kwa sababu una chembe ya ukweli. Zipo baruti ambazo kiwanda huziuza kwa matumizi ya shotigani na bastola pia. Unique ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1900, ni mojawapo. Lakini hiyo huuzwa kwenye kopo lenye jina, namba ya mkupuo (baruti iliyotengenezwa kwa pamoja) na jedwali la vipimo vyake. Iliyo ndani ya risasi ya dukani haina jina. Kiwanda hupokea mkupuo, hupima presha yake kwa mashine, ndipo huamua kiasi cha kutia. Mkupuo unaofuata huenda ukatiwa kiasi tofauti, na risasi kwa nje zikafanana. Ndani ya chupa yako huenda zimo baruti za viwanda vitatu. Sasa "punguza kidogo" ni kupunguza kutoka kipimo gani?

Kwa kijana: mtutu wa bastola ni mfupi, na risasi ya shabaha haihitaji mbio nyingi, inahitaji kurudia mwendo uleule kila mara. Kwa hiyo huchaguliwa baruti inayoungua haraka, kwa kiasi kidogo. Baruti iitwayo Bullseye iko sokoni tangu 1898, na wapiga shabaha wameipenda kwa sababu hiyo. W231 na HP-38 nazo zinatumika sana, na ni baruti moja yenye majina mawili. Asije akajifunza kutoka hapo kwamba majina yanayokaribiana ni kitu kimoja. Kwenye baruti za bunduki ndefu, IMR 4350 na H4350 zina namba moja na vipimo tofauti. Akinunua baruti ya Somchem, kiwanda cha hukohuko Afrika Kusini, afuate jedwali la Somchem, asiazime la Wamarekani.

Wenzake wanabishana kuhusu jina, na mimi ningemtaka aangalie nafasi ndani ya ganda. Ganda la .38 Special lilibuniwa zama za baruti nyeusi, kwa hiyo ni refu na lina uwazi mkubwa. Kipimo cha baruti ya haraka hukaa chini kabisa, kidogo tu. Mkono ukisahau ukatia mara mbili, hakimwagiki kitu, kichwa cha risasi kinakaa vizuri juu yake, na kwa nje risasi inaonekana sawa na nyingine. Wengi wanaopasua silinda waliichagua baruti sahihi kabisa, ila waliitia mara mbili. Kwa anayeanza, ningechagua baruti yenye ujazo, inayofika zaidi ya nusu ya ganda, ili ikitiwa mara mbili imwagike mezani aione. Na kabla ya kukaza vichwa, apange maganda yote kwenye kibao chake, ashike tochi, achungulie moja baada ya jingine.

Pia aangalie mizani. Vipimo huandikwa kwa greini, si gramu. Gramu 1 ni greini 15.4. Anayesoma namba ya greini akapima gramu kwenye mizani ya dhahabu ametia mara kumi na tano. Mzee, tairi la gari dogo lina upepo wa paundi 30 na kitu kwa inchi ya mraba. Risasi ya .38 Special imewekewa kikomo cha 17,000. Aanze na kipimo cha chini kabisa cha kitabu cha mtengenezaji, na video za mtandaoni aziache.

Lakini wanaonipa wasiwasi zaidi si wa klabu. Ni huku vijijini, Makete, Ileje, Mufindi, ambako nguruwe pori na ngedere wanamaliza mahindi na mtu analinda shamba kwa gobore. Baruti nyeusi ikikosekana, anatokea mjuzi anayefungua risasi za shotigani kwa kisu, anauza baruti kwa kifuniko cha soda, na mwenye gobore anashindilia kipimo kilekile alichokizoea. Niliwahi kuletewa mtutu mmoja wa namna hiyo. Ulikuwa bomba, si chuma cha mtutu, na umepasuka kuanzia kwenye tundu la fataki (kile kikofia cha kuwasha baruti) hadi pale mkono wa kushoto unaposhika. Kingo za ufa zimekunjukia nje. Mwenyewe alibaki na vidole viwili. Aliyemuuzia baruti alikuwa bado anauza.

Wanaojitetea husema wamepiga mara nyingi na halijatokea kitu. Chuma hunyumbuka kidogo kila mara, na ufa wa ndani hauonekani kwa anayechungulia mdomoni. Kama gobore lako lina leseni na limewahi kupigwa hata mara moja kwa baruti ya kifuniko cha soda, lisipigwe tena, hata kwa baruti nyeusi. Kabla ya kulipeleka kwa fundi mwenye kibali, hakikisha halina kitu: ondoa fataki, elekeza mdomo pembeni, ingiza ufito wa kushindilia hadi ugote, utie alama kwa kidole, kisha uutoe na uulaze juu ya mtutu kwa nje. Ncha isipofika usawa wa tundu la fataki, bado kuna kilichomo ndani, na usijaribu kukichokonoa mwenyewe.