Maswali Yenu: Jasusi Mwenye Picha Kila Ukuta

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi na shemeji yangu tumewekeana dau. Nimemwambia kwamba Josephine Baker, yule mwimbaji mzaliwa wa Ufaransa, alikuwa jasusi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Yeye kacheka sana. Anasema jasusi ni mtu asiyejulikana, si mtu ambaye picha yake imebandikwa kila ukuta. Nani alipe?

JIBU: Marahaba. Shemeji alipe, ila asilipe zote. Sababu utaiona mwishoni.

Hoja yake si ya kipuuzi. Lakini fikiria mtu asiyejulikana anayetua Lisbon, Ureno, mwishoni mwa 1940, katoka Ufaransa iliyokwisha kushindwa na Wajerumani. Swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: umefuata nini huku? Itabidi awe na hadithi, na hadithi ina tabia ya kuvuja. Baker hakuwa na haja ya hadithi. Msanii husafiri, basi.

Aliyemwingiza kazini mwaka 1939 ni Jacques Abtey, ofisa wa Deuxième Bureau, idara ya ujasusi ya jeshi la Ufaransa. Mwanzoni alitakiwa tu kwenda kwenye tafrija za balozi mbalimbali na kutega sikio. Wakubwa wakikaa karibu na nyota wa jukwaani hujisahau. Kila mmoja anataka aonekane kwamba na yeye anajua mambo.

Safari ya Lisbon ndiyo ninayoipenda. Habari za majeshi ya Wajerumani ziliandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za nota za muziki. Abtey alisafiri naye kwa pasipoti ya jina jingine, akijifanya katibu wake. Sasa jiweke kwenye kiti cha ofisa wa mpakani. Mbele yako kasimama mwanamke uliyemwona kwenye mabango, na nyuma yake yupo mwanamume fulani anayeshughulikia mizigo. Macho yako yatakwenda kwa nani? Mtu aliyesomea ujasusi hapo ni yule wa mizigo, na hana wa kumtazama. Nyakati nyingine Baker alibana vikaratasi kwa pini ndani ya nguo zake za ndani, akijua hakuna atakayethubutu kumpekua hadi huko. Na kweli, hawakuthubutu.

Mwaka 1941 aliugua vibaya, akalazwa kliniki moja ya Casablanca kwa zaidi ya mwaka. Hata ugonjwa ukageuka kazi: waliokuja kumjulia hali waliketi kando ya kitanda na kupeana habari. Nani atamkataza mtu kumwona mgonjwa? Ufaransa ilimpa Medali ya Ukinzani, ya waliopinga utawala wa Wajerumani, mwaka 1946, na Novemba 2021 ikamwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wake wakubwa.

SWALI: Mzee, nimesikia Julia Child, yule mpishi maarufu wa televisheni ya Marekani, alikuwa jasusi. Alitumwa kuua nani?

JIBU: Hakutumwa kuua mtu, mwanangu. Alitumwa kupanga majalada, na kabla hujasonya nisikilize, maana kabla ya kuandika safu hii nilikuwa karani wa masijala.

Alitaka kujiunga na jeshi la wanawake akaambiwa ni mrefu mno. Alikuwa na kimo cha sentimita 188 hivi. Mwaka 1942 akaingia OSS, idara ya ujasusi ya Marekani wakati wa vita, na kuanza kwa kuchapa maelfu ya majina kwenye kadi ndogo nyeupe. Alipita pia kwenye kitengo kilichotafuta dawa ya kufukuza papa, kwa ajili ya wanajeshi wanaoangukia baharini. Kisha, kuanzia 1944, akapelekwa Kandy, kisiwani Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, halafu Kunming nchini China. Huko alikuwa mkuu wa masijala.

Watu huliruka neno hilo mbio. Karatasi ya siri ikiingia, mtu wa masijala ndiye anayeipa namba, anaiweka kwenye jalada lake, na kuandika nani kalichukua na lini kalirudisha. Mpelelezi aliyejificha msituni anajua kipande chake tu. Mkuu wa masijala vipande vyote hupita mikononi mwake. Mimi niliwahi kulitafuta jalada moja wiki nzima, kumbe lilikuwa chini ya mto wa kiti cha bosi. Hapakuwa na vita, na bado jasho lilinitoka.

Mwaka 2008 Marekani ilifungua majalada ya watumishi wa OSS, ya watu karibu 24,000, na la Child lilikuwamo. Mkitaka bastola, mtafuteni Moe Berg, mchezaji wa besiboli aliyekuwa OSS naye. Desemba 1944 alikwenda Zurich kusikiliza mhadhara wa mwanafizikia Werner Heisenberg, bastola mfukoni, na amri ya kumpiga risasi iwapo angeona dalili kwamba Ujerumani inakaribia kupata bomu la atomiki. Heisenberg akaongea fizikia tupu. Berg akarudi na risasi zake.

SWALI: Na waandishi je?

JIBU: Wapo tele. Graham Greene alikuwa jasusi wa Uingereza huko Freetown, Sierra Leone, Ian Fleming alikuwa msaidizi wa mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza. Roald Dahl huenda akawafurahisha zaidi: kabla ya vita alifanya kazi Shell jijini Dar es Salaam na kujifunza Kiswahili. Baadaye, akiwa Washington kama ofisa wa ubalozi, alikaribishwa hadi nyumbani kwa Rais Roosevelt, na aliyoyasikia akayapeleka kwa wakubwa wa ujasusi wa Uingereza.

Sasa lile dau. Shemeji alipe nusu. Wewe umeandika kwamba Baker ni mzaliwa wa Ufaransa, na si kweli. Alizaliwa St. Louis, Marekani, mwaka 1906. Uraia wa Ufaransa aliupata 1937.