Unaijua lugha, sawa. Je, utaweza kuifundisha?

Maswali ya watu wanaotaka kuwa maticha wa lugha za kigeni yamerundikana, mengi yanafanana, basi leo nayajibu kwa mkupuo.

Kiswahili ndio lugha yangu ya kuzaliwa na kuna wageni wanataka niwafundishe. Kweli nahitaji kozi?

Unahitaji, tena wewe kuliko mtu aliyejifunza ukubwani. Ona hii. Mwanafunzi wako ameshazoea kwamba binadamu ni a- na wa-, mtu amekuja, watu wamekuja, mwalimu wangu, daktari wangu, roho yake nyeupe kabisa. Kesho yake anakusikia unasema "rafiki yangu amefika", anakunja uso, mbona sio rafiki wangu? Na kaka je, mbona kaka yangu? Umeongea hivyo tangu utotoni na hukosei, ila jibu huna, utaishia "sisi ndivyo tunavyosema" na yeye anabaki anakutazama tu. Kozi nzuri inakurudisha uitazame lugha yako kwa macho ya anayeanza, ndio unagundua kumbe rafiki, kaka, dada, mama yanavuta kitenzi na kivumishi cha watu lakini kimilikishi kinafuata umbo la jina lenyewe: rafiki yangu mzuri amefika, rafiki zangu wazuri wamefika. Halafu inakufundisha jambo gumu zaidi, yaani kunyamaza. Hayo maelezo yote usimmwagie siku ya kwanza, mpe rafiki yangu, kaka yangu, dada yangu ayazoee mdomoni, kanuni atakutana nayo akishakuwa na mifano ya kutosha kichwani.

Niwe levo gani ndio nianze mafunzo ya ualimu?

Levo wanazotumia wengi ni zile sita za Baraza la Ulaya zilizochapishwa mwaka 2001, kuanzia A1 ya anayeanza kabisa mpaka C2 ya juu kabisa. Kozi za ualimu zinatofautiana, ila CELTA ya Cambridge kwa mfano, ambayo ni ya walimu wa Kiingereza, inataka C1 ya juu au C2. Chini ya hapo utateseka, sio kwa sababu huwezi kufundisha wanaoanza, ila kwa sababu mwanafunzi anauliza maswali ambayo hayapo kwenye kitabu na inabidi ujibu hapohapo. Angalia pia tarehe za vyeti vyako vya lugha: DELF na DALF za Kifaransa haziishi muda, ila matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL yanahesabiwa miaka 2 tu, kwa hiyo usikimbilie kufanya mtihani mapema halafu ukakaa nao.

Nimeona kozi ya onlaini ya masaa 120, bei poa, unasoma kwa simu na cheti unapata. Niilipie?

Uliza swali moja kabla hujalipa: nitafundisha wanafunzi halisi kwa masaa mangapi, na nani atakuwa ameketi nyuma ya darasa ananiangalia? Hiyo namba 120 isikuchanganye manake CELTA nayo ni masaa 120 au zaidi, tofauti ni kwamba ndani yake kuna masaa 6 ya kufundisha wanafunzi wa kweli wa levo mbili tofauti huku mkufunzi anaandika kila unachofanya. Trinity CertTESOL, kozi nyingine ya walimu wa Kiingereza, nayo ina masaa 6 ya hivyohivyo, na wana kitu nakipenda sana, wanakukalisha ujifunze lugha usiyoijua kabisa kwa masaa manne ili ukumbuke ujinga wa siku ya kwanza unavyouma. Sasa kozi ya kubonyeza majibu kwenye simu haina hata saa moja ya hayo. Sisemi haina faida, istilahi utazijua na utapata kianzio, ila usidhani umekuwa mwalimu. Na kama lengo lako ni shule za serikali, kwa kawaida watataka digrii au diploma ya ualimu, hivi vyeti vifupi havitoshi, ulizia kwanza mahali unapotaka kufanya kazi.

Wiki ijayo nina maikrotichi, yaani somo fupi la majaribio, mbele ya wenzangu, natetemeka. Nisaidie.

Kutetemeka kutaisha dakika ya tatu hivi, achana nako. Kitakachokuangusha ni kuongea sana. Karibu kila anayeanza anajaza ukimya kwa maelezo, anaeleza, anaeleza tena kwa maneno mengine, halafu anamalizia na "mmeelewa?" na darasa zima linaitikia ndiyo, hata wale ambao hawajaambulia kitu, nani atanyoosha kidole aseme mimi sijaelewa? Futa hilo swali kwenye mpango wako wa somo. Tuseme unafundisha "I used to play football". Uliza: anacheza sasa hivi? Hapana. Zamani alicheza? Ndiyo. Mara moja tu au alikuwa na mazoea? Mazoea. Maswali matatu mafupi, majibu ya neno moja, na umeshajua nani yuko na wewe na nani amepotea. Yaandike kabla, usitegemee yatakujia ukiwa umesimama mbele za watu, hayaji. Maagizo nayo yawe mafupi, onyesha mfano mmoja na mwanafunzi mmoja kisha waachie wafanye wenyewe. Ukiuliza kitu, subiri. Ile kimya unaiona ndefu wewe tu, wao wanatafuta maneno.

Na ujirekodi sauti, ukisikiliza utapata aibu kidogo ila utasikia mwenyewe ni nani aliyeongea zaidi.

Aksenti yangu sio ya wenyewe, watanikataa?

Wapo waajiri wa hivyo, sitakudanganya. Ila darasani wanafunzi wanahitaji kukuelewa, basi, lafudhi za wenyewe wawekee rekodi, tena za watu tofautitofauti.

Nina zaidi ya miaka 40, nimechelewa?

Hapana. Wanafunzi watu wazima wengi wanapenda ticha mtu mzima.

Lazima nijue lugha ya wanafunzi wangu?

Sio lazima. Maximilian Berlitz alifungua shule yake ya lugha Marekani mwaka 1878 na njia iliyompa jina ilikuwa hiyohiyo, ticha haongei chochote zaidi ya lugha inayofundishwa, vitu unavionyesha kwa mkono na kwa vitendo. Siku hizi wengi hawana msimamo mkali hivyo na mimi nakubaliana nao, kama wote mnashare lugha moja na neno moja lingeokoa dakika tano za kuigiza, lisemeni muendelee. Darasa likiwa na watu wa lugha nne hapo hamna namna, jifunze kuchora.